Mzunguko wa Tatu

Matrah, Omani
25 Januari 1975

Kwa mjomba wangu mheshimiwa, Mzee Sheikhan bin Nasoro, Mchafukoge, Dar es Salaam.

Shikamoo, mjomba. Barua hii inaniacha mzima, na ninaomba ikukute nawe katika afya. Mke wangu Mauza amejifungua salama mtoto wa kike. Tumempa jina la marehemu mama, Hamdiya. Baridi ya mwezi huu si kali, na tumehamia nyumba yenye kisima karibu.

Mjomba, duka la halua nililofungua hapa sokoni linaendelea, ila nina dhiki ya watu. Vijana wenyeji hawataki tena kusimama mbele ya moto. Wamekwenda kwenye kampuni za mafuta, jeshini na katika ofisi za serikali. Sisi wenye maduka madogo hatuna budi kuajiri wageni wa mkataba. Ninao wawili: Murad, Mbalushi kutoka Makrani, na Kunju, mtu wa Malabar huko Bara Hindi. Ni Waislamu wema na wana nguvu, lakini hawajui ni wakati gani samli hutiwa, na mimi kwa kusimama dukani siwezi kuwa jikoni. Halua yangu hutoka ngumu kama sabuni.

Ninakuomba unipatie Bakili, fundi wako wa halua. Kibali chake kitakuwa cha mwaka mmoja, na nauli iko juu yangu. Akishawafundisha hawa wawili, nitamrudisha.

Mwanao,
Azzan


Mchafukoge, Dar es Salaam
Mfungo Tano 20, 1395 (4 Machi 1975)

Kwa mwanangu Azzan, Mwenyezi Mungu akulinde ugenini.

Namshukuru Mola kwa kila hali, na namsalia Mtume wetu na jamaa zake. Sisi huku tu wazima. Mvua za mwanzo zimenyesha, na maji yamesimama mtaani kama kawaida yake. Jengo la soko jipya la Kariakoo limekwisha kupandishwa, nalo ni kubwa mno. Wazee tunakwenda kulitazama paa lake baada ya Alasiri kisha tunarudi. Habari za mtoto nimezipokea. Nilipofika kwenye jina la dada yangu niliiweka barua chini, nikaenda kuswali, kisha nikairudia.

Ama kuhusu haja yako, waniomba mtu mahali ambapo watu wamepungua. Pantaleo na mwenzake, wale vijana wa Masasi waliokuwa wakipasua kuni na kushika mwiko, walikamatwa katika msako wa wasio na kazi, wakapandishwa lori kupelekwa vijijini. Nilikwenda kueleza kwamba wana kazi kwangu. Kijana niliyemkuta mezani aliniuliza kwa adabu, 'Mzee, halua ni kazi?' Nikarudi peke yangu. Lakini usiwe na wasiwasi nami, nitapata wengine.

Nilimweleza Bakili mbele ya sufuria. Alicheka sana.

'Kwa hiyo Mwarabu wa Mchafukoge ameshindwa na samli,' alisema. 'Tangu utotoni mkono wake ni laini kama mkate wa boflo.'

Kisha akaendelea kuuzungusha mwiko. Mwishowe akasema, 'Nitakwenda, Mzee. Mimi ndiye niliyemshikisha mwiko.'

Utakumbuka jinsi tulivyokuwa tukipika. Mzunguko wa kwanza wa mwiko mimi husema Subhanallah. Wa pili Bakili huitika Walhamdulillah. Na wa tatu ulikuwa wako, ukisimama juu ya kinu kilichopinduliwa ili uufikie mwiko, ukisema Allahu Akbar kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza mikeka. Tangu uondoke, mimi na yeye tumekuwa tukiupokezana ule wa tatu.

Mkewe, Zamzam, alikuja kutoka Ilala, akakaa barazani na baibui lake, asinywe hata maji. Alisema, 'Mzee Sheikhan, simpi Azzan mume wangu. Ninakupa wewe.' Nikamwahidi kwamba Bakili atakuwa nyumbani kabla ya Maulidi ya mwaka ujao. Atasafiri mara tu Maulidi ya mwaka huu yakipita. Wewe wajua kwamba Bakili husoma msahafu lakini hakufundishwa kuandika. Basi uwe kalamu yake.

Nimekukabidhi amana, mwanangu.

Mjomba wako,
Sheikhan bin Nasoro


Matrah
30 Mei 1975

Mjomba mheshimiwa,

Shikamoo. Mtoto ameanza kucheka. Mauza anakusalimu. Joto limeanza, na watu wanalala juu ya mapaa.

Bakili amefika salama. Halua imepata jina kwa muda mfupi, na watu wanakuja kuinunua kutoka Maskati na hata Barka. Murad na Kunju wanamsikiliza ingawa hawana lugha ya pamoja. Nina haraka kwa sababu ya wateja.

Bakili hajambo, anakusalimu.

Azzan


Mchafukoge
Rajabu 10, 1395 (19 Julai 1975)

Mwanangu Azzan,

Salamu za Mwenyezi Mungu ziwe juu yako, juu ya Mauza, na juu ya huyo mdogo anayecheka. Huku tumo katika miezi ya baridi kidogo. Sukari imekuwa ya kibali, na unga wa ngano huupata aliyeamka mapema. Meno yangu mawili ya mbele yameniaga. Imamu wetu aliumwa, sasa amepona. Kazi jikoni inaendelea.

Zamzam huja kila Ijumaa baada ya swala. Humsomea barua yako. Mara ya kwanza alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, 'Soma maneno ya Bakili.' Nikamsomea tena: Bakili hajambo, anakusalimu. Akasema, 'Hayo ni ya Azzan. Soma ya Bakili.'

Nami nimelitafakari jambo hilo. Katika miaka yote niliyokaa na mtu huyu, hajapata kunisalimu pasipo kuulizia sufuria yetu kubwa ya shaba, ile aliyoiita Bi Mkubwa. Akienda msibani Kilwa na kurejea baada ya mwezi, husema mlangoni, 'Mzee, hujambo? Na Bi Mkubwa hajambo?' Kisha ndipo huvua viatu. Salamu uliyoniletea haina Bi Mkubwa ndani yake. Nimeipokea, lakini sijamsikia mwenyewe.

Kaa naye baada ya Isha, umwambie, 'Sema, nami nitaandika.' Uandike kama asemavyo, hata akikutania.

Sheikhan


Matrah
8 Novemba 1975

Mjomba mheshimiwa,

Shikamoo. Uniwie radhi kwa kuchelewa. Ramadhani ilikuwa na kazi nyingi, na Idi ikawa na kazi zaidi. Mtoto ameota jino. Mauza alipata homa, sasa hajambo. Serikali inatengeneza barabara pwani, vumbi linaingia kila mahali.

Nilitaka kukaa na Bakili kama ulivyoagiza, lakini nafasi haikupatikana. Yeye hulala pamoja na wafanyakazi wenzake nyuma ya jiko, nami nafika nyumbani nimechoka. Ninamtimizia haki yake yote, mjomba, hilo usiwe na shaka nalo.

Kuna jambo la kukuarifu. Nimeongeza kibali chake kwa mwaka wa pili. Hapa mgeni hufanya kazi chini ya dhamana ya mwajiri, na pasipoti hukaa kwa mwajiri; ndivyo ilivyo kwa wote. Ningengoja kumuuliza, muda ungepita, na kumpata mtu mwingine siku hizi ni vigumu mno. Ninaamini ni kwa maslahi yake pia. Tafadhali mweleze mkewe kwa maneno mazuri, kama ujuavyo wewe.

Sina malalamiko juu ya kazi yake isipokuwa moja dogo. Amewafundisha wenzake kusema dhikri juu ya sufuria. Yeye husema la kwanza, Murad na Kunju huitika la pili, kisha mzunguko mmoja mwiko hupita kimya kabisa, hakuna anayesema, halafu wanaanza tena. Murad anataka kusema la tatu, lakini Bakili humzuia kwa mkono. Hupunguza mwendo katika mzunguko huo, na halua huchelewa kushika. Labda ungemwandikia neno.

Azzan


Mchafukoge
Mfungo Tatu 15, 1395 (18 Desemba 1975)

Mwanangu Azzan,

Namuomba Mola aipe afya nyumba yako, na amnyanyue Mauza katika homa yake. Idi ya kuchinja imepita kwa amani. Tuliswali uwanjani, kisha nikarudi nyumbani. Majirani waliniletea nyama, nikaitoa kwa wengine, kwani kwa mtu mmoja ni nyingi.

Nimeisoma barua yako kwa utulivu, na ninakujibu kwa utulivu.

Zamzam alikuja Ijumaa iliyofuata. Sikuyatafuta maneno mazuri uliyoniagiza, kwa sababu sikuyaona. Nilimsomea ulivyoandika. Aliutazama mlango wa jiko. Kisha akauliza, 'Azzan alimuuliza Bakili?' Nikasema, 'Hakumuuliza.' Akauliza, 'Na wewe, Mzee, alikuuliza?' Nikasema, 'Hakuniuliza.' Akajifunika akaondoka. Ijumaa ya pili yake hakuja. Sasa hupita upande wa pili wa njia, na salamu yangu huijibu kama ajibuvyo mgeni. Anayo haki. Ahadi ilikuwa yangu, si yako.

Tena kuna Awadhi, yule baharia, mtoto wa muuza mikeka. Meli yao ilitia nanga huko, akaingia dukani mwako kukusalimu. Aniambia kwamba ulimjibu kwa Kiarabu mbele ya wateja, na aliposema Kiswahili ulimwashiria anyamaze. Aniambia kwamba mteja mmoja aliisifu halua akauliza ni ya nani, nawe ukasema ni ya mkono wako, umeirithi kwa baba zako. Wakati huo Bakili alikuwa nyuma ya pazia, na jasho lake, akisikia. Mteja akauliza, 'Na yule mweusi?' Ukasema, 'Ni mfanyakazi wa mkataba.'

Sikumwamini Awadhi siku ile. Nilimwamini ilipofika barua yako.

Waniuliza juu ya mzunguko ulio kimya, kana kwamba hujui. Nitakueleza, kwa kuwa hutaki kujieleza mwenyewe. La kwanza lilikuwa langu. Mimi sipo, analisema yeye badala yangu. La pili lilikuwa lake, naye amewapa wale wageni wawili, maana ndio walio mbele yake na hawana mtu. La tatu hakulichukua yeye, wala hakumpa Murad. Siku zote hizo uwapo upande wa pili wa pazia ukihudumia wateja, mtu yule hupunguza mwendo wa mwiko na kukungoja. Wewe waona halua inachelewa.

Baba zako hawakupika halua, Azzan. Baba yako, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliuza vitambaa. Sanaa hii niliipata kwa babu yako mzaa mama, na mikono yangu ilipoanza kutetemeka ni Bakili wa Kilwa aliyekufundisha. Na sheria ya jiko letu waijua: sahani ya kwanza ya kila sufuria hupewa mwalimu kabla haijaonjwa na yeyote. Ninakuuliza, na sitaki jibu la kalamu: sahani ya kwanza huko kwako huliwa na nani?

Sheria ya nchi yenu kuhusu pasipoti siijui, na sina haja ya kuijua. Ninaijua amri ya kurudisha amana kwa wenyewe. Haikutoa ruhusa kwa aliye na uhaba wa watu.

Maulidi yanakaribia. Nimesema.

Sheikhan bin Nasoro


Matrah
20 Februari 1976

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mtoto anatambaa. Mauza amepona. Zaidi ya hayo sina habari za kutanguliza.

Barua yako ilikaa siku nyingi katika mfuko wa juba langu kabla sijaweza kuisoma mara ya pili. Yote aliyosema Awadhi ni kweli. Hapa, mjomba, nikifungua kinywa wananitambua kwa matamshi, na wananiita Mzinjibari, ingawa sijapata kuishi Unguja. Nilikuja nikidhani ninarudi kwetu. Nimekuta kwamba kwetu huku hakunijui. Basi nilipopata duka nilitaka angalau halua iwe ya baba zangu. Nilimwomba Bakili asiseme nami Kiswahili mbele ya watu. Alisema, 'Haya, Bwana.' Tangu siku hiyo ameniita Bwana, hata tukiwa wawili, na hajanitania tena hata mara moja.

Sahani ya kwanza niliipeleka kwa mwenye jengo.

Umeandika kwamba niliongeza kibali kwa uhaba wa watu. Mimi ndiye niliyekuandikia hivyo, na si kweli. Murad na Kunju wanaijua kazi tangu kabla ya Ramadhani. Niliiweka pasipoti kabatini, chini ya nguo za mtoto, kwa sababu Bakili akiondoka hatabaki mtu katika nchi hii anayejua kwamba niliwahi kuwa mtoto. Hata akiniita Bwana, nilijua anajua. Nilikuwa nikisimama nyuma ya pazia kila siku. Ule mzunguko nilikuwa nikiusikia, mjomba. Nilijua ni wa nani tangu siku ya kwanza.

Na wewe umenificha jambo. Awadhi alinieleza kwamba mlango wa jiko lako umefungwa tangu Bakili aondoke, na hakuna moshi. Umekuwa ukiniandikia kwamba kazi inaendelea.

Jumatano iliyopita nilimpa pasipoti yake. Aliifungua, akaitazama picha, akasema, 'Huyu alikuwa kijana.' Alhamisi ilikuwa sufuria yake ya mwisho. Duka lilikuwa limejaa. Niliwaacha wateja, nikaingia jikoni, nikashika mpini wa mwiko juu ya mikono yao, na ulipofika mzunguko wa tatu nililisema. Halikutoka vizuri. Murad alicheka. Bakili hakugeuka kunitazama. Alisema kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika dukani, 'Umechelewa, Azzan. Halua imekwisha kushika.'

Nilimpa sahani ya kwanza mbele ya watu wote. Alikula nusu, nusu akaifunga katika jani. Alisema ni ya Zamzam.

Anasafiri leo kupitia Mombasa. Nilimwambia aseme nami niandike. Aliyosema ni haya: 'Mwambie Mzee nakuja kumwona Bi Mkubwa.'

Azzan


Mchafukoge
Mfungo Sita 14, 1396 (15 Machi 1976)

Mwanangu Azzan,

Namhimidi Mwenyezi Mungu, arudishaye walio mbali apendapo. Mvua bado. Meno yaliyobaki yamekaa mahali pao. Mbusu mtoto Hamdiya kwa niaba yangu. Hilo liwe ni zawadi yake ya mwaka, kwani sina njia ya kumletea nyingine.

Bakili amefika kabla ya Maulidi. Alikuja kwangu pamoja na Zamzam, mke akiwa mbele, mume nyuma na mzigo kichwani kama kijana wa sokoni. Zamzam alikaa barazani akaomba maji. Aliyanywa yote. Bakili amekonda, na ana kovu la moto mkononi ambalo hukuniandikia. Aliulizia Bi Mkubwa, kisha akavua viatu.

Nilimfungulia jiko. Ni kweli lilikuwa limefungwa. Sikupata vijana, wala sikuwatafuta sana. Sufuria ilikuwa imeshika kutu ya kijani. Aliizunguka, akaipapasa ukingo, akasema, 'Mzee, umemwacha mke mkubwa bila kuoga mwaka mzima, halafu unakwenda msikitini mstari wa mbele?' Nikamwambia alete ndimu na majivu. Tuliisugua mpaka Magharibi, wazee wawili.

Sukari ya Maulidi tulichangiwa na majirani, kila nyumba na kikombe chake. Tulipika siku ya kumi na moja, kuamkia Maulidi, baada ya Alasiri. Mikono yangu haifai tena, nilishika tu mpini ili niwepo. Nilisema langu, Bakili akaitika lake. Ulipofika mzunguko wa tatu nilifungua kinywa, kwani ilikuwa zamu yangu kuuchukua kama tulivyozoea tangu uondoke. Aliniwekea mkono juu ya mkono. Mwiko ukapita kimya.

Nikamuuliza, 'Mpaka lini?'

Akasema, 'Mzee, huko nilikuwa nikimngoja aliye nyuma ya pazia. Huku pazia limekuwa kubwa zaidi tu.'

Sikuombi urudi. Una mke, una mtoto, una watu wawili wanaokutegemea ambao nao wako mbali na kwao. Uwe mwema kwao, na sahani ya kwanza uwape kwa zamu. Lakini ujue kwamba tumeliwasha jiko, na tutapika kila Alhamisi sukari ikipatikana, baada ya Alasiri. Saa za kwenu zimezitangulia zetu kwa saa moja. Huko jua litakuwa limekaribia kuzama, nawe utakuwa dukani na watu. Ukiweza, liseme lako la tatu hapo hapo ulipo, hata kwa sauti ndogo. Hatutakusikia. Sisi tutakuwa tukiuzungusha mwiko polepole, na hatutampa mtu mwingine nafasi hiyo muda wote tutakaokuwa hai.

Mjomba wako, aliye karibu na moto,
Sheikhan bin Nasoro